MINYOO WA TUMBONI: KWA NINI HURUDI BAADA YA DAWA

Siku ya dawa ya minyoo ikitangazwa katika shule ya msingi, iwe Mbita au Karungu, Rongo au Oyugis, watoto hupangwa mstari mbele ya mwalimu, na kila mmoja hupewa kidonge akakitafuna hapo hapo. Baada ya siku moja au mbili wazazi wengine huona minyoo wakitoka katika choo cha mtoto, nao hufurahi. Lakini ikipita miezi minne au mitano, mtoto yule yule aanza tena kushika tumbo, ale asishibe, asinzie darasani. Ndipo mzazi aulizapo: Je, dawa ile ilikuwa dhaifu? Au tulipewa iliyopita siku zake?

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa sawasawa. Jibu kwa ufupi ni hili: dawa ilifanya kazi yake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya jembe, ya sabuni na ya viatu, wala kidonge hakiwezi kuifanya.

Kabla ya kuwataja minyoo wenyewe, yafaa tuseme neno juu ya fikira moja ya zamani, maana bila kuiondoa fikira hiyo mafundisho yote hupita juu ya kichwa. Mwaka 1998 mtaalamu mmoja wa desturi za wanadamu, Wenzel Geissler, aliandika jinsi Wajaluo wa magharibi ya Kenya wanavyowaelewa minyoo. Aliona kwamba wengi hawawahesabu kuwa ugonjwa. Kwao minyoo ni sehemu ya mwili. Wamo tumboni mwa kila mtu, wasaidia kusaga chakula, na taabu hutokea tu wanapozidi au wanapochokozwa.

Mimi mwenyewe nimeyasikia maneno hayo. Kazi yangu ni kutafsiri, na siku moja nilimsomea nyanya mmoja wa upande wa Ndhiwa karatasi ya mafundisho ya afya, iliyosema kwamba minyoo wote ni adui. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Mjukuu wangu, ukiwafukuza wote, atabaki nani wa kukusagia ugali?” Siku ile sikuwa na jibu, nikacheka tu, na kucheka mbele ya mzee aliyeuliza kwa dhati si jambo jema.

Chakula chetu husagwa na meno, kisha huyeyushwa na maji makali ya tumbo na ya matumbo, ambayo mwili wenyewe huyatoa. Mnyoo hasagi kitu kwa ajili yetu. Yeye ni mgeni asiyechangia chungu: ama ala chakula kilichokwisha kuyeyushwa, ama anyonya damu. Walakini nyanya yule alikuwa na haki katika jambo moja, nalo ni kubwa. Alisema taabu huja minyoo wanapozidi, na waganga wa hospitali wasema vivyo hivyo. Mtu mwenye minyoo watatu au wanne huenda asijue kama anao. Mwenye mia, na hasa akiwa mtoto, atakonda na kudumaa. Basi swali lenye maana ni hili: minyoo huzidije?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Twadhani minyoo huzaana tumboni kama kuku bandani, watoto wakakua humo humo pamoja na mama zao. Sivyo. Minyoo wa kawaida tutakaowataja hapa hutaga mayai ndani ya mwili wa mtu, lakini yai haliwezi kuwa mnyoo mzima mle mle. Ni lazima litoke kwanza kwa njia ya choo, likae nje katika udongo au katika maji au ndani ya mnyama, ndipo liweze kumwingia mtu. Kwa hiyo kila mnyoo aliye tumboni mwa mtoto aliingia kutoka nje, mmoja mmoja. Mwenye minyoo mia amepokea wageni mia, kwa mkono wake, kwa nyayo zake, au kwa sahani yake.

Tuanze na yule anayejulikana sana, mnyoo mviringo, mwenye rangi ya maziwa au ya waridi, mfano wa mnyoo wa shambani ila ni mrefu zaidi. Watu wa pwani huwaita michango. Jike lake hupata urefu wa sentimita 20 hata 35, naye aweza kutaga mayai 200,000 kwa siku moja. Tafadhali usome tena hesabu hiyo. Mtoto mmoja akienda haja nyuma ya nyumba, amemwaga mayai ambayo, kama yote yangepata bahati, yangetosha kijiji kizima. Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Hukaa katika udongo wenye kivuli na unyevu majuma mawili matatu mpaka yakomae, na yanaweza kuishi humo kwa miezi mingi, hata miaka. Kuku huyachakura, mvua huyatawanya, na mtoto achezaye bao chini huyapata chini ya kucha zake.

Yai likimezwa huanguliwa katika utumbo, na kitoto kinachotoka hakikai hapo. Hupenya, huingia katika damu, hufika mapafuni, hupanda mpaka kooni, na mtu humeza mate akakimeza tena. Safari hiyo ndiyo sababu watoto wengine hukohoa kikohozi kikavu siku chache, na mama hudhani ni baridi ya ziwani. Tangu yai kumezwa mpaka mnyoo mkubwa aanze kutaga hupita miezi miwili au mitatu. Hesabu sasa: mtoto amepewa kidonge mwezi wa pili, wakubwa wote wakafa; juma lililofuata akala embe bila kunawa; mwezi wa tano ana minyoo wazima wengine. Kidonge hakina lawama.

Wa pili ni mnyoo wa safura. Huyu ni mdogo sana, urefu wake kadiri ya sentimita moja, wala watu hawamwoni akitoka. Labda ndiyo sababu hawamwogopi, na kwa maoni yangu yeye ndiye wa kuogopwa zaidi. Haingii kwa kinywa tu. Mayai yake yakiangukia udongo wenye unyevu huanguliwa, na kwa muda wa siku tano hata kumi vitoto huwa tayari, vyangojea mguu. Mtu akipita peku, hupenya ngozi katikati ya vidole, na pale mahali huwasha. Mwisho wa safari yao ni utumbo, ambako hujishikiza kwa meno au sahani kali za kinywani na kunyonya damu.

Mnyoo mmoja wa safura wa aina iliyo ya kawaida hanyonyi hata tone zima kwa siku. Lakini wakiwa mia, damu inayopotea ni zaidi ya nusu ya kijiko cha chai kila siku, mwezi baada ya mwezi. Mwanamume mwenye kula vizuri aweza kuvumilia. Mwanamke mwenye mimba, ambaye tayari malaria yampunguzia damu, hawezi. Viganja vyake hupauka, moyo humwenda mbio akipanda kilima kidogo, na siku ya kujifungua hana damu ya akiba.

Ugonjwa huu ulijulikana vizuri kwa njia ya wachimbaji. Kati ya mwaka 1872 na 1880 wafanya kazi wengi, hasa Waitalia, walichimba njia ya reli chini ya mlima wa Gotthard katika Uswisi. Wakaanza kudhoofika na kupauka, wengine wakafa. Mwaka 1880 daktari Edoardo Perroncito wa Torino alionyesha kwamba chanzo kilikuwa minyoo wa safura. Ndani ya mlima kulikuwa na joto na matope, vyoo havikuwako, na watu walifanya kazi juu ya uchafu wao wenyewe. Nimeitaja habari hii ya mbali kwa sababu Migori ina machimbo yake, kule Nyatike, ambako watu hushuka mashimoni kutafuta dhahabu na kuiosha katika maji na matope. Mwenye shimo anayejenga choo karibu na watu wake na kudai wavae viatu vya mpira hapotezi fedha. Anunua damu ya wafanya kazi wake kwa bei rahisi. Ni vivyo hivyo kwa wakata miwa wa Awendo na kwa kila mtu alimaye peku baada ya mvua.

Mnyoo wa mjeledi, aliye mwembamba kama uzi upande mmoja, aenea kwa njia ile ile ya mnyoo mviringo. Inatosha kukumbuka kwamba kidonge kimoja humpunguza lakini mara nyingi hakimmalizi, basi kwake usafi una kazi kubwa kuliko dawa.

Tegu ni habari nyingine. Tegu wa nguruwe ni kama utepe mweupe wenye vipande vipande, na urefu wake waweza kufika mita kadhaa. Mtu humpata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vidogo mfano wa punje za mchele. Tegu mwenyewe tumboni hasumbui sana. Hatari iko katika mayai yake. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai hugeuka vifuko katika nyama yake. Na mtu akiyala mayai hayo, kwa mkono mchafu au mboga au maji, vifuko hivyo hivyo huota katika mwili wake, na mahali pabaya kuliko pote ni ubongo. Hapo huja kifafa. Tazama, basi, jinsi jambo hili lilivyo: mtu asiyekula nguruwe kabisa, wala asiyemfuga, aweza kupata kifafa kwa sababu ya choo asichokijenga jirani yake.

Jambo hili latuhusu sana. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, nguruwe wa wakulima wa Homa Bay walipimwa damu, na karibu theluthi moja walionyesha dalili za kuwa na vifuko hivyo. Nguruwe wengi huachwa wazurure kutafuta chakula, na wakikuta kinyesi vichakani hukila. Nguruwe afungwe bandani. Nyama ikaguliwe na mkaguzi kabla ya kuuzwa, ipikwe mpaka wekundu uishe ndani. Na familia yenye mtu wa kifafa isimfiche wala isikimbilie kusema ni mapepo, impeleke hospitali.

Kwa watu wa ufuko wa ziwa, toka Kendu Bay na Homa Bay mpaka Rusinga, Mfangano, Sori na Muhuru, yuko adui wa namna yake, kichocho cha tumbo. Watu wa pwani ya bahari wakijua kichocho, hujua kile cha kukojoa damu. Hiki cha ziwani hutoka kwa choo kikubwa. Minyoo wake hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yao mengi hukwama katika ini. Miaka ikipita ini huwa gumu, tumbo hujaa maji, na mtu aweza kutapika damu. Mayai yatokayo na kinyesi yakifika majini huingia konokono, na kutoka kwa konokono hutoka viumbe vidogo visivyoonekana, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini kwa dakika chache tu. Mvuvi avutaye wavu, mama aoshaye omena, mtoto aogeleaye, wote wamo hatarini.

Hatuwezi kuwaambia watu wa ziwa wasiingie ziwani. Hayo yangekuwa maneno ya mtu aishiye mjini kwenye mfereji. Lakini maji ya kuogea yaweza kuchotwa na kuwekwa katika pipa safi lenye kifuniko, lisilo na konokono, kwa siku mbili kamili. Viumbe vile hufa vyenyewe vikikosa mtu wa kumwingia. Maji hayo yafaa kuoga, bali si kunywa mpaka yachemshwe. Na mvuvi asijisaidie majini wala ufukoni. Kila ufuko wenye chama cha wavuvi wapaswa kuwa na choo, na ufunguo wake usiwe mfukoni mwa mtu mmoja.

Sasa tuirudie dawa, tuipe haki yake. Mwaka 1998 katika Busia, upande wa kaskazini wa nchi hizi, ulianza mpango wa kuwapa dawa ya minyoo watoto wa shule 75. Wataalamu wawili, Edward Miguel na Michael Kremer, waliandika mwaka 2004 kwamba utoro wa watoto shuleni ulipungua kwa kadiri ya robo. Tena waliona jambo lisilotazamiwa: hata watoto wa shule za jirani ambao hawakupewa dawa walipata nafuu, kwa kuwa mayai katika udongo yalipungua. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Serikali ya Kenya ilianza kugawa dawa mashuleni mwaka 2009, na toka mwaka 2012 mpango ukapanuliwa ukawafikia mamilioni ya watoto kila mwaka. Wapimaji wa taasisi ya utafiti wa utabibu, yaani KEMRI, walipoanza mwaka 2012 waliona karibu theluthi moja ya watoto waliopimwa wana minyoo wa udongo, na katika miaka iliyofuata hesabu hiyo ilishuka kadiri ya nusu.

Nusu ilishuka, nusu ikabaki. Kidonge humpata mtoto wa shule. Hakimpati baba yake, wala mdogo wake wa miaka miwili achezaye uani, wala hakiui yai hata moja lililo katika udongo. Naona ni kama mtu achotaye maji katika mtumbwi unaovuja. Kuchota ni lazima, ama sivyo atazama. Lakini tundu liko pale pale.

Tundu hilo huzibwa kwa choo. Ushauri huu si mpya katika Nyanza. Chama cha Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichopata sura hiyo mwaka 1923 chini ya Arkidikoni Owen, kiliwahimiza wanachama wake wachimbe vyoo na kuua panya, na wengine waliwacheka kwa sababu walitazamia chama kipigane na kodi tu. Imepita miaka mia moja na zaidi, na bado ziko nyumba nzuri za bati zisizo na choo, au zenye choo kisichotumiwa. Hili la pili lataka kufikiriwa kwa upole, maana mara nyingi sababu yake ni heshima wala si uvivu. Katika nyumba nyingi za Kijaluo baba mkwe na mke wa mwanawe hawawezi kutumia choo kimoja. Shimo likiwa moja, mmoja wao ataliacha na kwenda kichakani. Wageni waletao mafundisho hubishana na desturi hiyo bure. Njia nyepesi ni kuchimba mashimo mawili, au choo kimoja chenye vyumba viwili, mashimo mbalimbali na milango iliyogeukiana mgongo. Gharama ya shimo la pili ni ndogo kuliko ya shimo moja lisilotumiwa.

Choo kiwe mbali na kisima kwa hatua kama 40, nacho kiwe upande wa chini wa kisima, si upande wa juu. Udongo mweusi wa tambarare hubomoka mvua ikinyesha. Basi kingo za juu zijengewe kwa mawe au matofali. Karibu na ziwa, ambako ukichimba kidogo wakuta maji au mwamba, usilazimishe kwenda chini. Inua choo juu kwa kuta za mawe na udongo, upande ngazi mbili tatu. Sakafu ya saruji ni bora, kwa kuwa huoshwa, na vitoto vya safura havipati udongo wa kukaa. Tundu liwe na kifuniko. Wala mtu asizoe kilicho ndani ya shimo kukipeleka katika shamba la sukuma wiki kabla hakijakaa kimefungwa miaka miwili.

Kuna neno ambalo akina mama husema kwa mapenzi, kwamba kinyesi cha mtoto si uchafu. Kwa habari ya minyoo ni kinyume. Watoto ndio wenye mnyoo mviringo na mnyoo wa mjeledi kwa wingi. Choo cha mtoto mdogo kifukuliwe kwa jembe kitiwe shimoni mara moja, siyo kutupwa nyuma ya jiko wala kuachiwa mbwa.

Mikono inawe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya chakula. Asiye na mfereji atengeneze kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo karibu na mdomo, likaning'inizwa juu ya mti, na kamba ikafungwa kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Mkono mchafu haugusi dumu, na maji kidogo hutosha watu wengi. Matunda na mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi. Viatu navyo visidharauliwe kwa kuwa ni vya bei ndogo. Akala za mpira wa gari humlinda mtu kuliko kutembea peku, ila matope yakiwa marefu afadhali viatu vya kufunika mguu.

Juu ya kula udongo nitasema kidogo. Odowa huuzwa sokoni wazi wazi, na wanawake wenye mimba huitamani. Watoto nao hula udongo wa ukutani na wa kichuguu. Tamaa hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Kwa hiyo kumkemea mama hakutoshi. Aende kliniki ya wajawazito, akapimwe damu, apewe vidonge vya madini ya chuma. Na mimba ikipita miezi mitatu ya kwanza aweza kupewa dawa ya minyoo bila hofu. Katika miezi mitatu ya kwanza asimeze dawa hiyo. Mtoto aonekanaye akila udongo wa uani afikiriwe kuwa ana minyoo mpaka apimwe.

Dawa za minyoo zenye kutumiwa sana ni albendazole na mebendazole, nazo hupatikana katika zahanati na katika maduka ya dawa. Mtu mzima na mtoto aliyepita miaka miwili humeza kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400. Mtoto wa mwaka mmoja hata miwili hupewa nusu, na kidonge kisagwe kitiwe maji, asije akapaliwa. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe ila kwa amri ya mganga. Ni vema nyumba nzima itumie siku moja, na si mtoto wa shule peke yake. Tumbo kuuma kidogo au kichefuchefu siku hiyo si jambo la kutisha.

Kwa kichocho na kwa tegu dawa ni praziquantel, nayo hupimwa kwa uzito au kwa urefu wa mtu. Ndiyo sababu shuleni watoto husimamishwa kando ya mti wenye alama. Mtoto ale kwanza, maana ikikuta tumbo tupu huleta kizunguzungu na kutapika. Mwenye kifafa, au aliyepata kuanguka kifafa siku zilizopita, amwambie mganga kabla ya kuimeza, kwa sababu vifuko vya ubongoni vikifa kwa ghafula huvimba na kuleta degedege.

Kwa miaka mingi watoto wadogo wasiofikia alama ya chini ya mti ule waliachwa bila dawa ya kichocho, ijapokuwa mama zao huwaogesha ziwani toka uchanga. Sasa iko njia kwa ajili yao, na Homa Bay ilikuwa na sehemu katika kuitafuta. Toka mwaka 2019 hata 2021 dawa mpya iitwayo arpraziquantel, kidonge kiyeyukacho katika maji kisicho na uchungu mwingi, ilijaribiwa katika Kenya na Côte d'Ivoire kwa watoto 288 wa miezi 3 mpaka miaka 6, na mahali pa majaribio ya Kenya palikuwa hospitali kuu ya Homa Bay. Shirika la Afya la Dunia liliikubali mwaka 2024. Mama wa ufukoni mwenye mtoto mdogo na aulize habari zake katika hospitali iliyo karibu.

Hatimaye ziko dalili ambazo hazingojei siku ya dawa shuleni. Minyoo mviringo wakiwa wengi huweza kufungamana kama kamba na kuziba utumbo wa mtoto. Tumbo huvimba na kuwa gumu, huuma kwa vipindi, mtoto hutapika, pengine akatapika mnyoo, na haja haitoki wala upepo. Mtoto wa namna hiyo asipewe dawa ya minyoo nyumbani wala majani ya kuharisha, na asilishwe kitu. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku na gari ni la kukodi.